Sangara wa Sentimita Tisini na Moja

Mama mkwe wangu alikuja Mwanza kutolewa mtoto wa jicho, akakaa kwetu wiki tatu, na kwa wiki tatu hizo mimi sikuwa na nyumba. Bili ya maji ilikuja kwa jina langu kama kawaida, lakini nyumba sikuwa nayo. Kwetu Usukumani mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni, hawali pamoja. Kwao yeye, wale watu wa ziwani wa Mara, ni hivyo hivyo, tena wamezidisha. Basi akapewa chumba cha watoto, watoto wakahamia sebuleni, na mimi nikawa mtu wa kukohoa. Nikitaka kupita kwenda chooni nakohoa. Nikirudi nakohoa. Ikafika mahali jirani akamuuliza mke wangu kama nimekwenda kupima kifua.

Ni lazima mjue kwamba mimi ni mtu wa ndani. Natengeneza redio, pasi na feni barazani kwangu, mke wangu anashona nguo baraza hiyo hiyo, na kutoka kiti changu hadi cherehani yake ni hatua mbili. Nimemaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, na tangu hapo sijaona sababu ya kutoka. Wanaonitania wanasema nikifa hawatanipeleka makaburini, watanifukia chini ya kile kiti. Sijawahi kuwabishia.

Sasa mtu kama huyo ukimwondolea nyumba, anakwenda wapi? Mimi nilikwenda mwambani. Chini ya mtaa wetu, dakika kumi kwa miguu, kuna mawe makubwa yaliyoingia ziwani, na jirani yangu huwa anakaa pale kila asubuhi na mshipi wake wa nailoni uliozungushwa kwenye chupa ya plastiki. Nami nilikuwa na wa kwangu. Nilishaununua miaka miwili nyuma, nikavua furu wengi, visamaki vya mawe vya urefu wa kidole, na gogogo mmoja aliyenichoma mkono kwa miiba yake, nikauweka juu ya kabati. Mama mkwe alipofika, nikaushusha.

Mwanzoni nilikuwa nakwenda kukaa tu. Kilichonifanya nitafute samaki kweli ni maneno ya ukutani.

Kuta za nyumba yetu hazijafika kwenye bati, na dari hatujaweka. Neno linalosemwa chumba cha watoto linasikika barazani kama limesemwa masikioni. Lakini kwa heshima, mama mkwe hasemi nami. Anamwambia binti yake, binti yake aje aniambie, ingawa wote watatu tunajua nimeshasikia. Wiki ya kwanza nilinunua samaki kwenye jokofu la mjini, akakataa. "Mwambie mumeo samaki wa balafu simli. Ananuka karatasi." Wiki ya tatu ilipoanza nikaamka alfajiri kwenda mwaloni, mitumbwi inakoshushia samaki, kutafuta wa siku ile.

Hapo ndipo hasira zangu zilipoanza, na sitaki kuzificha. Nilisimama mwaloni, ziwa liko pale, mitumbwi iko pale, sangara wa saizi wanashushwa mbele ya macho yangu, na kila mmoja ana mwenyewe tayari. Gari la barafu limesubiri, mizani imening'inia, mawakala wanaandika. Nikauliza mmoja tu, wa kula. Wakala akanitazama kama nimeomba gari lenyewe. "Mzee, hawa wameshaondoka," akasema, na samaki bado wanapiga mkia. Waliobaki kwa ajili yetu sisi tunaoishi hapa ni wachanga wa urefu wa kandambili, ambao ni kosa kuwavua, kosa kuwauza na kosa kuwanunua, na wanauzwa hadharani kwenye beseni. Na mapanki: kichwa, mgongo na mkia, nyama yote imeshakatwa huko kiwandani ikapanda ndege. Nikanunua mapanki. Nilijua ni aibu, nikanunua.

Mke wangu aliyapika vizuri, na nazi akatia. Sahani ilirudi kama ilivyokwenda.

"Mwambie mumeo," sauti ikasema juu ya ukuta, "mifupa mimi nimeiuza miaka thelathini. Sikuja kwake kuilamba."

Mke wangu akaja barazani. "Mama anasema..."

"Nimesikia."

"Anasema kabla hajarudi Jumamosi angependa sangara mmoja tu. Wa siku ile ile. Kichwa na mchuzi wake, basi." Akakaa kwenye cherehani, akaanza kushona huku anachekea puani. "Na amesema kingine."

"Hicho sijakisikia."

"Amekisema chinichini. Amesema nimeolewa na nyumba inayotazama ziwa kama ng'ombe anavyotazama gari."

Mimi ni mtoto wa wafugaji. Kuitwa ng'ombe kusingenikasirisha. Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli. Mwanamke yule alikuwa ameanika, amebanika na kuuza samaki maisha yake yote, na binti yake anaishi dakika kumi kutoka majini akimlisha mifupa. Nilijiapiza pale pale, kwenye kiti changu, kwamba hataondoka kwangu bila kula kichwa cha sangara nitakayemtoa mimi mwenyewe. Ilikuwa Jumatatu.

Jirani yangu wa mwambani alinicheka. Mwezi wa sita ulikuwa unaisha, upepo wa kusini umeshaanza, maji ya pembeni yamepoa. Yeye husema sangara wa mawe huwa na mwezi wao, na ukipita wanashuka kilindini na kumwachia mtu furu. "Umechelewa, kaka," akasema. "Hawa wamefunga shule." Lakini akanionyesha namna ya kumtia furu hai kwenye ndoano kwa mgongo ili aendelee kuogelea, na akanisogezea nafasi kwenye ufa wa jiwe ambako maji ni meusi. Jumanne sikupata kitu. Yeye akapata kamongo, yule samaki kama nyoka, akamlaani.

Jambo moja zaidi lazima niliseme, maana bila hilo hamtaelewa ujinga wangu. Mimi ni mtu wa sheria. Sina cheo, sina ofisi, lakini nasoma matangazo. Kwa sheria ilivyokuwa wakati ule, sangara chini ya sentimita hamsini hakuguswa kwa kuwa ni mtoto, na juu ya themanini na tano hakuguswa pia kwa kuwa ni mzazi. Nilishalisema hilo kwenye mkutano wa mtaa mpaka mwenyekiti akaniomba nikae. Nilishamsema jirani yangu huyo huyo kwa kuvua wachanga, akaniita Mzee Sentimita, na jina likashika. Kwa hiyo kila nilipokwenda mwambani, mfukoni nilikuwa na futi ya mke wangu, ile ya kitambaa laini ya kupimia nguo, niliyoichukua kwenye cherehani. Mvuvi wa furu mwenye futi. Watoto wa mtaa walinisindikiza kwa kunitazama tu, hawakuwa na haja ya kusema.

Jumatano saa mbili asubuhi chupa ilinitoka mikononi. Sikuelewa kilichotokea. Niliiona inaruka kwenye jiwe, jirani akaikanyaga kwa mguu na kusema, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mwenzake, "Vuta wewe, samaki wako."

Nikavuta. Nailoni ikanikata kidole cha shahada na kile cha kati, nikavua shati nikazungushia mkono, nikavuta tena. Alikwenda chini, akapita nyuma ya jiwe, akatulia mpaka nikadhani nimenasa mwamba, halafu akaja juu mwenyewe, mdomo wazi, anatikisa kichwa kama mtu anayekataa mashitaka. Macho yake yalikuwa ya rangi ya moto. Jirani alishuka kwenye ufa akiwa na suruali yake yote, akamsukumia kwangu. Nikamshika mdomo wa chini kwa kidole gumba, nikamwinua, ngumi yangu nikaiegemeza kwenye mkanda kwa sababu alikuwa mzito. Nilimtazama kuanzia juu hadi chini. Mkia ulining'inia juu ya kandambili yangu, katikati pakiwa na nafasi ya kama kiganja kilichosimama wima. Maji yakachuruzika kwenye vidole vyangu vya mguu. Sijawahi kujipenda kama dakika ile.

"Mama mkwe amekula," akasema jirani.

Nikamlaza kwenye jiwe lenye maji. Nikatoa futi. Nikaweka ncha puani, nikainyoosha hadi mwisho wa mkia. Tisini na moja.

Nikapima tena. Tisini na moja.

"Kunja mkia kidogo," jirani akasema.

"Sikunji mkia."

"Kaka, hakuna mtu hapa. Mimi sioni kitu, mimi natazama Ukerewe."

"Huyu ni mzazi."

"Basi niachie mimi. Mimi sijasoma tangazo. Kosa liwe langu, kichwa nitakuletea."

Na mimi, badala ya kunyamaza, nilimhutubia. Samaki anahema kwenye jiwe, mimi nahutubia. Nilimweleza habari ya mayai, na vizazi, na jinsi watu kama yeye watakavyotuachia maji matupu. Nilijisikia mtu mkubwa sana. Halafu nikamrudisha. Nilimshika chini ya tumbo mpaka akapata nguvu, akapiga mkia mara moja, akanilowesha uso, akaenda. Jirani alikaa chini. Akaanza kuzungusha mshipi wake kwenye chupa.

"Ungempiga hata picha," akasema mwishowe. Simu yangu ilikuwa nyumbani kwenye chaji, na yake ni kitochi kisicho na kamera.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, lakini ilikuwa hasira safi, ya mtu mwenye haki. Nilikaa kwenye kiti changu, nikamsimulia mke wangu kila kitu kwa sauti ya kutosha kuvuka ukuta. Nilitaka asikie. Nilitaka ajue kwamba kichwa chake kilikuwa mkononi mwangu na kwamba mkwe wake ni mtu wa namna gani.

Sauti ikaja juu ya ukuta: "Muulize mumeo alimshikaje."

"Mdomoni," nikamwambia mke wangu.

"Muulize ngumi aliiweka wapi."

Mke wangu akanitazama. "Ngumi uliiweka wapi?"

"Kwenye mkanda."

"Mkia ukafika wapi?"

"Juu ya kandambili. Kiganja hivi."

Mimi nilidhani mama mkwe anamsikitikia samaki. Halafu akamwita binti yake kwa sauti ya dukani, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Wewe ndiye unayemshonea. Suruali ya mumeo, kutoka mkanda hadi chini, urefu gani?"

"Tisini na nne, mama."

"Ni mfupi eh."

"Ni mfupi, mama."

"Toa kiganja. Toa na unene wa kandambili." Niliwasikia wote wawili wanahesabu, mmoja chumbani, mmoja mbele yangu, na mimi katikati kama kitambaa. "Huyo samaki hakufika tisini," mama mkwe akasema. "Huyo alikuwa themanini na kidogo. Huyo alikuwa wa halali. Samaki wa namna hiyo nimebeba mpaka nywele za utosini zimeisha. Muulize mumeo alipima na nini."

Mke wangu alikuwa ameshaweka mkono mdomoni. Hakunitazama mimi, alitazama mfuko wangu.

"Ulichukua ya kwangu?"

Nikaitoa. Akaikunjua, akaniwekea ncha yake mbele ya macho. Ilikuwa imekatwa kwa mkasi, imekatwa vizuri, imenyooka, na namba ya kwanza baada ya mkato ilikuwa kumi na moja.

"Cherehani iliitafuna mwaka juzi," akasema. "Nikakata pale penye kumi. Huwa natoa kumi kichwani. Kila mtu anajua."

"Nani anajua?"

"Wateja wangu wote. Mtoto wa darasa la tatu anajua. Baba, unakaa hatua mbili kutoka hapa miaka yote. Kila siku unanisikia nasema mia na kumi, naandika mia."

Nilikuwa namsikia. Nilidhani ni mambo ya mafundi nguo, kwamba wanapunguza ili nguo ikae vizuri. Hapo hapo nikakumbuka lile bomba la pazia la sebuleni, lililokuja refu likagonga ukuta, nikamtukana fundi wa watu mpaka akanirudishia nusu ya hela. Nilipima mimi. Kwa futi hiyo.

Na sasa ndugu zangu, fikirieni mtu ana hasira kiasi kile na hawezi kupaza sauti. Mama mkwe yuko nyuma ya ukuta. Mbele yake huwezi kumfokea binti yake, huwezi kupiga meza, huwezi hata kutamka neno la aibu. Nikasimama, nikakaa. Mke wangu alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanaruka, machozi yanamtoka, na kila alipojaribu kusema pole alishindwa. Nikakohoa. Ndicho kitu pekee kilichoruhusiwa. Nikakohoa kwa hasira, na chumbani mama mkwe akadhani nataka kupita, akasogeza kiti chake.

Nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba kwenye mapipa. Nilimkasirikia mke wangu kwa kutonunua futi mpya. Nilimkasirikia jirani kwa kutonipiga kofi na kumchukua samaki, ambalo ndilo jambo ambalo rafiki angefanya. Nililikasirikia gari la barafu, maana kama sangara wangekuwa wanauzwa kwa wenye ziwa nisingekuwa mwambani na kitambaa cha kupimia magauni. Nikajikasirikia mimi mwisho, na hapo nilikaa zaidi. Samaki mwenyewe sikumkasirikia. Yeye alikuwa na sentimita zake themanini na moja, hajadanganya mtu.

Alhamisi nilikwenda na rula ya shule ya mtoto. Upepo wa kusini ulivuma, mawimbi yakapanda kwenye jiwe, chambo kikaliwa mara nne na furu wenzake. Jirani hakuja kabisa. Ijumaa alikuja, akasimama juu, akaniuliza kama mama mkwe hajambo, akaniacha pale. Saa sita mshipi ulinasa kwenye mwamba nikaukata kwa meno. Maji yalikuwa ya baridi na yamegeuka rangi ya chai. Wamefunga shule.

Jioni ile mke wangu alipika maharage. Nilikula yangu barazani nikiwa nimewapa mgongo watu wote.

"Mwambie mumeo maharage ni mazuri," ukuta ukasema.

Hakuwa anatania. Nilimjua kwa wiki tatu, najua sauti yake ya kutania. Alikuwa ananisamehe, na kwa kweli ningependelea anitukane.

Jumamosi tulimsindikiza hadi kwenye kivuko cha Kamanga. Nilibeba begi nikitembea hatua ishirini nyuma, naye kavaa miwani nyeusi ya hospitali, kashikwa mkono na binti yake, anatembea wima kuliko sisi sote. Nilikabidhi begi kwa mke wangu, mke wangu akamkabidhi. Kivuko kilipoondoka alikuwa amesimama kwenye reli anatazama maji. Sijui kwa jicho jipya aliona nini. Upande wa pili angepokewa na kaka wa mke wangu, waende Sengerema, ambako mama anaishi naye siku hizi.

Tulirudi. Nikaingia sebuleni kwangu bila kukohoa, nikakaa kwenye kochi langu katikati, nikanyoosha miguu. Ilikuwa nyumba yangu tena na sikuifurahia.

Saa nane mchana simu ya mke wangu ikalia. Akaweka sauti ya nje kwa sababu alikuwa na pini mdomoni.

"Nimefika," mama mkwe akasema. "Hata Sengerema hatujafika bado, tuko hapa hapa Kamanga. Kaka yako alikuta mtumbwi unashusha. Amenichukulia sangara, mama ntilie katupikia pale pale. Nimekula kichwa chote, na macho."

"Vizuri, mama."

"Alikuwa hivi, wa suruali ya mumeo. Mwambie mumeo nimekula."

Mke wangu akatoa pini mdomoni. Alinitazama, na safari hii hakucheka.

"Mwambie," nikasema, "mwambie anakaribishwa tena. Mwezi wa kumi wanarudi mwambani."

"Mama, baba watoto anasema karibu tena, mwezi wa kumi."

"Nimemsikia," simu ikasema.

Nikanyanyuka kwenye kochi. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu nilikuwa na mengi ya kumwambia mwanamke yule, moja kwa moja, kuhusu samaki, mapanki, wakala wa mwaloni na binti yake mwenye mkasi. Nikakohoa, nikatoka nje.